Niachie Mlango

Watu wakiniuliza ninafanya kazi gani, nikawaambia natunga muziki wa filamu kwa mashine za umeme, huwa nasubiri swali moja tu, nalo halichelewi: "Kwa hiyo wewe unabonyeza, halafu kompyuta inapiga yenyewe?" Zamani nilikuwa naeleza. Siku hizi najibu ndiyo, nabonyeza tu, kama wewe unavyobonyeza kalamu barua ikajiandika. Wengi hucheka wakidhani ninatania. Sitanii, nimekasirika.

Nimekasirika kwa miaka mingi na naomba mtu asinitulize. Nilianza na matangazo ya sabuni. Nikapanda cheo nikawa mtu wa filamu za kutisha, kwa sababu kila mwongozaji wa filamu anaamini sauti ya mashine ndiyo sauti ya jini. Nimetengeneza majini ya kila aina: ya kisimani, ya darini, ya kwenye jokofu. Baadaye zikaja filamu za maana, filamu za watu wanaoishi na kupendana na kuzikana, na kwa kila moja nilipigana kuthibitisha kwamba mashine nayo inaweza kulia. Nimepata tuzo ya kioo. Shangazi yangu anaitumia kukandamizia kitambaa cha meza kisipeperuke, na sijamkataza, maana hapo angalau ina kazi.

Hayo yote baba yangu hakuwahi kuyasikia.

Baba alikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Injini ya dizeli, mkanda mrefu, chumba cha mabati, na yeye katikati yake kutwa nzima bila hata kipande cha pamba sikioni. Mimi nimekulia humo. Nilikuwa nalala mchana juu ya magunia ya pumba, ule mngurumo ukiniingia mbavuni, na mpaka leo kukiwa kimya kabisa silali vizuri. Baba alikuwa akiisikiliza mashine kwa nyayo. Alivua viatu, akasimama sakafuni kidogo, akakwambia mkanda umelegea, au nyundo moja humo ndani imelika. Wateja walimwita Mganga. Alikuwa hapendi jina hilo, alisema mganga anabahatisha.

Nilipoanza kununua sintesaiza zangu, vile vinanda vya umeme, za mitumba na kujifungia nazo chumbani, siku moja aliingia akiwa mweupe kwa unga, akasimama peku, akasikiliza. "Humu kuna beringi imekufa," akasema, akatoka. Nilinuna wiki nzima. Kisha nikarudia kusikiliza, na kweli, kulikuwa na sauti mbili zinasuguana vibaya kule chini. Sijapata mwalimu mwingine wa muziki, na huyo alinifundisha somo moja tu.

Halafu masikio yake yakaanza kwenda. Daktari alituchorea. Mtu aliyepigwa na kelele miaka mingi, alisema, sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka. Ndege wakaenda. Mlio wa simu ukaenda. Watoto wakaenda, na baada ya watoto wakafuata wanawake, ndiyo maana hamsikii shangazi anayeishi naye, jambo ambalo shangazi anaamini ni makusudi. Zilibaki zile nzito. Hizo nazo zitamuaga moja baada ya nyingine, daktari alisema, ila lini hakusema. Alipewa vifaa vya kuvaa sikioni, vikampigia filimbi, akavitupia kwenye droo ya vijiko.

Kwa hiyo niliyekuwa nikipigana na dunia nzima kuhusu muziki wangu, nilikuwa na baba ambaye muziki huo unampita juu ya kichwa kama moshi. Ukitaka kujua hasira yangu inaishi wapi, inaishi hapo.

Sasa nije kwa Bwana Hisia. Ni mwongozaji wa filamu. Jina lake halisi analijua mwenyewe, na kwenye mabango linaandikwa kwa herufi kubwa kuliko za mtu yeyote. Mimi namwita Bwana Hisia kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila neno hilo. Ana sauti nyembamba, ya upole, na kila anapoongea nawe hukushika kiwiko. Alinipigia simu akaniambia ana filamu kubwa, anataka mashine zangu, anataka kitu ambacho hakijasikika. "Dada yangu," alisema, "nataka hisia zinazotoka ardhini." Nikamwamini. Huo ni ugonjwa wangu mwingine.

Filamu yenyewe ilikuwa nzuri, sitamnyima haki yake. Ni ya mwanamke aliyefukuzwa kwao akiwa msichana, akarudi mtu mzima. Mwishoni anasimama mbele ya mlango wa nyumba aliyozaliwa. Anaugusa. Anausukuma. Ndani hamna mtu, hamna kiti, hamna kitu. Tangu anapougusa mlango mpaka anapokaa sakafuni hakuna anayesema neno, na picha haina haraka. Niliiona mara moja nikajua: hapa ndipo. Hapa mtu anaweza kukaa kitini, akaweka nyayo chini, akausikia muziki wangu hata kama ndege wote wameshamkimbia.

Nilitunga kipande cha mlango kwa sauti za chini tu. Nilianza na mngurumo mmoja, wa chini sana, wa kuhisiwa kabla ya kusikika. Nikauongezea wa pili uliotofautiana nao kidogo mno, ili ikikutana ipige mawimbi, vuu, vuu, polepole, kama injini inayoshika kasi asubuhi ya baridi. Sikuweka wimbo juu yake. Sikuweka pambo. Kazi ya kuacha ni ngumu kuliko kazi ya kuweka, na kipande hicho kilinila zaidi ya filamu nzima.

Kilipokuwa tayari nilimleta baba studioni kwangu. Studio ni chumba cha nyuma, kina magodoro ukutani na spika moja kubwa ya sauti nzito, saizi ya kabati. Niliweka ubao juu ya spika, nikamkalisha mbele yake, akavua viatu na kupandisha nyayo kwenye ubao. Nikabonyeza. Ndiyo, nilibonyeza tu.

Vidole vya miguu vya baba vilitanuka. Akafumba macho, akainamisha kichwa upande, vilevile nilivyomwona akifanya utotoni mwangu kwenye mashine. Kilipokwisha alifumbua macho akaniangalia muda mrefu.

"Hii," akasema kwa ile sauti yake ya kupayuka, maana kiziwi hajui anapayuka, "hii ni mashine nzima. Haina tatizo. Irudie."

Niliirudia mpaka jirani akaja kugonga kwamba glasi zake zinagongana kabatini. Nilimwomba radhi jirani, nikafunga mlango, nikalia kwa furaha kama mjinga. Nikamwandikia baba kwenye karatasi: utakuja sinema, utakisikia hiki mbele ya watu wote. Akaisoma, akaikunja, akasema atavaa koti.

Hapo lazima nieleze kitu kinachotuua sisi wa kazi hii. Mhariri anapounganisha picha za filamu, muziki wangu unakuwa haujazaliwa. Picha bila muziki inachosha, kwa hiyo anachukua muziki wa filamu ya mtu mwingine, huko mbali, anaubandika chini ya picha ili kazi isonge. Tunauita muziki wa kushikizia, kama ule uzi mweupe ambao fundi cherehani hushikizia suruali kabla hajaishona kweli. Uzi ule hutolewa. Kila mtu anajua hutolewa. Lakini hawa watu hukaa nao chumbani miezi na miezi, wanautazama, wanauzoea, wanaupenda, na siku suruali inapoletwa imeshonwa vizuri, wanauliza uzi wetu mweupe uko wapi.

Uzi wa Bwana Hisia ulikuwa fidla. Fidla nyingi, za kulialia, kutoka filamu ya watu wengine. Nilipompelekea kazi yangu alisikiliza yote akiwa ameshika kidevu.

"Ni nzuri," akasema. "Ni nzuri sana, dada yangu. Lakini..."

"Lakini nini?"

"Hisia. Zile fidla zilikuwa na hisia fulani."

"Zile fidla si za filamu yako."

"Najua, najua. Sisemi uzinakili. Nasema zifanane, lakini zisifanane."

"Uliniambia unataka kitu ambacho hakijasikika. Sasa unataka kile ulichokisikia kutwa kwa miezi sita."

"Usikasirike."

"Nimeshakasirika, hilo limepita. Kama ulitaka fidla, huko nje kuna watu wanapiga fidla, wana mikono, wana vitoto vya kulisha. Mimi ulinipigia simu ya nini?"

Akanishika kiwiko. "Kwa sababu wewe unaweza kutengeneza chochote na mashine zako. Hata fidla."

Hapo ndipo alipokuwa amenileta. Alitaka nikae na mashine ambazo nimezitetea maisha yangu yote, nizifundishe kujifanya kitu kingine, nitoe fidla za uongo zinazomkumbusha fidla za kuazima. Nilitoka nje nikazunguka jengo lile nikiongea peke yangu, mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilimjibu vibaya na hakustahili.

Nikarudi ndani. "Sikiliza," nikamwambia. "Nitakutengenezea fidla zako. Sokoni, kituo cha basi, hospitalini, kila mahali unapozitaka, nitakupa fidla mpaka zikutoke puani. Lakini mlango usiuguse. Chukua filamu nzima. Niachie mlango."

"Mlango..."

"Baba yangu anapoteza masikio. Amebakiwa na sauti za chini peke yake, na hizo nazo zinaondoka. Kipande cha mlango nimemtungia yeye. Ndicho kitu pekee katika kazi yangu yote atakachokisikia. Nakuomba, na mimi siombi watu."

Macho yalimlowa, nakubali yalilowa kweli, hakuwa anaigiza. Akaweka mkono kifuani. "Mlango ni wako," akasema. "Nakuapia."

Nilitengeneza zile fidla. Sitaki kuzungumza juu yake. Zilitoka nzuri, na hilo liliniuma zaidi.

Siku ya kuchanganya sauti, ambapo maneno, hatua za miguu, upepo na muziki vyote vinawekwa pamoja mara ya mwisho, nilikwenda kulinda mlango wangu. Fundi sauti ni mtu mnene, mpole, anayetafuna karanga kutwa. Alipiga kipande cha mlango kwenye spika zile kubwa. Viti vikatetemeka. Kikombe cha chai cha Bwana Hisia kilitembea chenyewe juu ya meza mpaka fundi akakidaka. Bwana Hisia akasema, "Mungu wangu," na fundi akaacha kutafuna. Nikatoka pale nikiwa nimenyooka mgongo. Baada ya hapo sikuitwa tena, na sikuona ubaya, kazi yangu ilikuwa imekwisha.

Onyesho la kwanza lilikuwa alasiri, kwenye ukumbi mzuri wenye zulia jekundu na viti vinavyokumeza. Baba alivaa koti. Shangazi alivaa kila alichokuwa nacho. Mlangoni nilimwona fundi sauti, nikamwita kwa shangwe aje amsalimie baba. Alimsalimia, akaniangalia mimi, akaangalia chini, kisha akakumbuka ana kiu na kwenda kutafuta maji upande ambao hauna maji. Nilicheka. Nikadhani karanga zimemkwama.

Nilikuwa nimempangia baba kila kitu. Nitamshika mkono. Nikimbana kwa nguvu, ndiyo muziki wake unaanza. Taa zilipozimwa akainama akavua viatu.

"Kaka, soksi hizo!" shangazi akanong'ona. "Mbele za watu!"

Baba hakusikia, akatandaza nyayo sakafuni, akakaa kama mtu anayesubiri gari lake. Filamu ikaanza. Fidla zangu zikaanza kulialia, na baba, kwake kukiwa kimya, akawa anatazama watu wanafungua na kufunga midomo. Baada ya muda akageuka.

"BADO?"

Ukumbi mzima ulicheka. Nikamtikisia kichwa. Akatulia. Ilipofika hospitalini akauliza tena, "BADO?" na mtu wa mbele yetu akageuka kusema shh, jambo la bure kabisa kumwambia kiziwi. Sikuona haya. Nilikuwa nahesabu picha. Nilijua kila picha inayofuata, na moyo ulikuwa unanidunda kwa namna ambayo haukunidunda hata siku ya tuzo.

Yule mwanamke akafika mbele ya nyumba. Akasimama. Akanyoosha mkono akaugusa mlango. Nikambana baba mkono kwa nguvu zangu zote.

Zikaja fidla.

Sikuelewa mara moja. Nilidhani fundi amekosea, nilidhani nimehesabu vibaya. Kisha nikazitambua. Hazikuwa fidla za yule mtu wa mbali, zilikuwa zangu. Zile za uongo nilizotengeneza kwa ajili ya sokoni, walizikata, wakazivuta, wakazitandika juu ya mlango wangu. Walinifukuza kwa mkono wangu mwenyewe. Na mkono wa baba bado ulikuwa ndani ya wangu, nimeubana, nimemwambia sasa.

Baba aliangalia nyayo zake. Akazisogeza. Akakanyaga kwa nguvu zaidi, kisigino, kisha vidole. Akainama akaweka kiganja sakafuni. Nilimwona kwa mwanga wa picha, mzee mwenye koti ameinama gizani anapapasa zulia la watu. Akainuka taratibu, akaegemea kiti.

"Na hii nayo imekwenda," akasema. Hakupayuka sana, kwa kipimo chake alinong'ona, na ukumbi mzima ulimsikia. "Mwanangu, na hii nayo imekwenda."

"Haupo, baba!" nikampigia kelele sikioni. "Muziki haupo!" Lakini sauti yangu ni katika zile zilizomuaga miaka mingi iliyopita, na kwenye giza lile midomo yangu haikusomeka. Alinipigapiga mkono, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeanguka.

Filamu ikaisha. Majina yakapanda, na langu likapanda, peke yake, kubwa: Muziki. Baba aliliona akapiga makofi.

Kwenye ukumbi wa nje watu walikuwa wameshika glasi za juisi, wanakumbatiana. Kila hatua nilipewa hongera. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinishika mabega akasema zile fidla pale mlangoni zimemliza vibaya sana. Nilimwambia asante, kwa meno.

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na ukuta, viatu mkononi. Shangazi alikuwa amechuchumaa anamvalisha kimoja.

"Daktari alisema zitaondoka moja moja," baba akaniambia. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoninyonga. "Nilidhani nitawahi hii. Basi. Niliisikia siku ile kwako, inatosha."

Nikatoa simu nikaandika kwa herufi kubwa: HAUKUWEPO. WAMEUTOA. Nikamwekea machoni. Akasoma. Akatabasamu, akaisukuma simu pembeni.

"Usinibembeleze. Jina lako nimeliona pale, limeandikwa Muziki. Kama haukuwepo, jina limeandikwa la nini?"

Jina langu lilikuwa pale. Fidla zilikuwa zangu. Hakuna hakimu duniani ambaye angenipa ushindi, na baba yangu angekwenda nyumbani akiamini kwamba hata ardhi imeacha kusema naye. Angelala na hilo. Angeamka nalo, akavua viatu asubuhi akasimama sakafuni asitarajie kitu.

Niligeuka nikamtafuta Bwana Hisia. Alikuwa katikati ya ukumbi, amezungukwa na wapiga picha. Nikamshika kiwiko, safari hii mimi ndiye niliyeshika, nikamvuta mpaka kwenye benchi. Alikuwa anajitia hamnazo mpaka alipomwona baba. Hapo tabasamu likamdondoka.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Baba aliona midomo tu. Akaitikia kwa kichwa.

"Mwambie," nikasema, "kwamba muziki wa mlangoni haukuwepo."

"Dada yangu, tuongee kesho. Si hapa."

"Anaamini masikio yake yamekufa. Mwambie ni wewe."

Akashusha sauti. "Wiki ya mwisho niliitazama tena. Wewe hujui mateso niliyoyapata. Nilikuwa nimeshazizoea fidla. Kila alipougusa mlango nilikuwa nazisikia hata zisipokuwepo. Nilijaribu kukupigia..."

"Hukupiga."

"Moyo ulikataa. Ni hisia tu, siwezi kueleza."

"Si mimi. Mweleze yeye."

Akainama kwa baba, akasema kitu kwa ile sauti yake nyembamba, ya upole, iliyofaa kabisa kusemea na mtu uliyemshika kiwiko.

"Eti?" baba akasema.

Akarudia.

"Eti? Sikusikii, baba. Unaongea kama mbu."

Bwana Hisia aliniangalia. Kila anayezungumza na baba hufika hapo, hugeuka kuniangalia mimi au shangazi, tumchukulie maneno tumfikishie kwa ishara na karatasi. Nimefanya kazi hiyo miaka yote. Nimemtafsiria madaktari, wauzaji, wageni, wapumbavu wa kila aina. Nilikunja mikono. Shangazi alifungua mdomo kutaka kusaidia, nikamkanyaga mguu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanielewa bila maelezo.

"Kwa sauti," nikamwambia Bwana Hisia. "Kiziwi huyo."

Akatazama nyuma, kwenye glasi na kamera na watu wake. Akalamba midomo.

"Tuliutoa," akasema.

"Eti?"

"TULIUTOA!"

Watu wa karibu waligeuka. Baba akasogeza kichwa, ameikodolea macho ile midomo.

"TULIUTOA, MZEE! MUZIKI WA BINTI YAKO! PALE MLANGONI! TULIUTOA!"

Sasa ukumbi wote ulikuwa kimya. Yule mwanamke aliyelizwa na fidla alikuwa amesimama na glasi ambayo haijafika mdomoni. Fundi sauti alikuwa ametokea upande wa maji, amesimama kando ya nguzo.

"Haukuwepo?" baba akauliza.

"HAUKUWEPO!"

Baba akashusha pumzi ndefu. Mabega yakalegea ndani ya koti. Akaniangalia, akaangalia ule mguu wake usio na kiatu, akaanza kucheka, na machozi yakamtoka huku anacheka. "Kumbe bado ninayo," akasema. "Kumbe wala si mimi." Shangazi naye akaanza kulia, ingawa yeye hulia kwa lolote.

Kisha kicheko kikaisha. Niliuona uso wake ukibadilika, ule uso wa mashineni, alipokuwa akimkuta mtu amezima injini bila kumwambia wakati unga uko njiani. Nilikuwa nimeusahau. Alisimama, kiatu kimoja mguuni, akamkaribia Bwana Hisia mpaka akamfika kifuani.

"Mliutoa kwa nini?"

Bwana Hisia alisema kitu. Hata mimi sikukisikia, na masikio yangu ni mazima.

Baba akaweka kiganja nyuma ya sikio, akainama mbele.

"Sema kwa sauti, bwana," akasema. "Watu wote hawa wanakusubiri."